Ufunguo Mmoja, Nyumba Nzima: Rekodi za Vila za Likizo

Mwaka 2011 ilitangazwa nchi ya kupangisha. Liechtenstein, milki ndogo iliyobanwa na milima kati ya Uswisi na Austria, iliwekwa sokoni kwa dola 70,000 kwa usiku, kwa sharti la kulala angalau siku mbili. Mpangaji angekuja na wageni wake 150, akabidhiwe ufunguo wa heshima, mitaa ibandikwe majina ya kwake kwa muda wa likizo, na achapishiwe hata fedha za kutumia humo. Wananchi wangebaki majumbani mwao wakiendelea na shughuli zao kama kawaida. Katika mkataba ule wao walikuwa sehemu ya samani. Gawanya bei hiyo kwa vichwa 150 na kila mmoja analipa chini ya dola 470. Katikati ya Paris au London kuna hoteli zinazotoza zaidi ya hapo kwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Ndiyo sababu katika orodha hii sitishwi na wingi wa sifuri. Hoteli huuza kitanda. Anayekodi nyumba nzima hununua kitu ambacho hoteli haiwezi kumpa hata ikitaka, nacho ni wageni wengine wasiokuwepo. Hakuna foleni ya mayai asubuhi, hakuna bangili ya plastiki ya kuvaa mkononi, hakuna taulo lililowekwa alfajiri kwenye kiti cha bwawani ili kushika nafasi. Rekodi za vila ukizichunguza ni rekodi za faragha: nani amekwenda mbali zaidi, chini zaidi, au juu zaidi kwa bei, ili asikutane na watu.

Ghali kuliko zote

Taji hili hugombaniwa na hoteli pia, kwa sababu hoteli kubwa zimegundua kwamba tajiri hataki chumba, anataka nyumba. Pale Geneva, Hotel President Wilson ina ghorofa nzima ya juu, vyumba 12 vya kulala na takriban mita za mraba 1,680, vioo haviingii risasi, na bei yake imetajwa miaka mingi kuwa karibu dola 80,000 kwa usiku. Las Vegas, kwenye Palms, kuna makazi yaliyobuniwa na msanii Damien Hirst yaliyotangazwa mwaka 2019 kwa dola 100,000 kwa usiku, tena usiku mmoja haukubaliwi. Dubai nayo mwaka 2023 ilileta ya kwake ya bei hiyohiyo, kwenye Atlantis The Royal. Zote hizo ni nyumba za ghorofani ndani ya hoteli. Chini yake bado kuna hoteli ya watu wote.

Kwa anayetaka hata hoteli hiyo isiwepo, kipo kisiwa cha Necker, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Historia yake itamfurahisha kila aliyewahi kupatana bei Kariakoo au Gikomba. Mfanyabiashara Richard Branson alikuwa na miaka 28 mwaka 1978 alipopelekwa kukitazama. Mwenye mali alitaka dola milioni 6. Branson akasema 100,000, akafukuzwa. Muda haukupita mrefu, mwenye mali akawa na shida ya fedha, na kisiwa cha ekari 74 kikaenda kwa dola 180,000. Masharti yalikuwa ajenge hoteli ndani ya miaka michache, la sivyo ardhi irudi serikalini. Leo kisiwa chote hukodishwa kwa kundi moja la watu wasiozidi 48, kwa zaidi ya dola 100,000 kwa usiku. Yaani kukilala usiku mbili ni ghali kuliko kukinunua wakati ule, ingawa dola ya 1978 si dola ya leo.

Necker inashika pia rekodi ya misukosuko. Agosti 2011 radi iliipiga nyumba kubwa wakati wa kimbunga Irene na kuiteketeza. Mwigizaji Kate Winslet alikuwa miongoni mwa wageni, na alisaidia kumtoa mama yake Branson, bibi wa karibu miaka 90. Nyumba ikajengwa upya. Septemba 2017 kikaja kimbunga Irma, Branson akajifungia na wafanyakazi wake kwenye stoo ya mvinyo chini ya ardhi, na walipotoka kisiwa kilikuwa kimenyolewa. Kikajengwa tena. Faragha ya kisiwani haina jirani wa kupiga kelele, lakini haina pia jirani wa kuleta ndoo ya maji.

Kwa bei ya kichwa kimoja, hata hivyo, Necker inashindwa. Inayoishinda iko chini ya maji.

Chini kuliko zote

The Muraka, katika hoteli ya Conrad kwenye kisiwa cha Rangali huko Maldives, ilifunguliwa Novemba 2018. Ilijengwa Singapore, ikabebwa na meli maalumu, ikatulizwa kwenye nguzo za zege baharini. Sebule, jiko na bwawa viko juu ya maji. Chumba kikuu cha kulala kiko mita 5 chini ya uso wa bahari, na dari yake ni tao la akriliki nene inayopitisha mwanga kama kioo ambamo papa hupita wakati mpangaji akisoma. Ujenzi uligharimu dola milioni 15. Ilianza kuuzwa kwa dola 50,000 kwa usiku, kwa kifurushi cha siku nne, yaani 200,000. Inalaza watu tisa. Hapo kila mmoja analipa zaidi ya dola 5,500 kwa usiku, na bado samaki wanamwona akivaa.

Kisiwa cha Pemba kilitangulia kwa miaka mitano. Mwaka 2013 The Manta Resort, kule ncha ya kaskazini kwenye rasi ya Kigomasha, iliingiza majini chumba kilichobuniwa na Msweden Mikael Genberg. Huyu ni msanii ambaye mwaka 2000 alikwishazamisha kibanda kama hicho kwenye ziwa Mälaren mjini Västerås, kikiwa zaidi mchezo wa sanaa kuliko biashara. Cha Pemba kina ngazi tatu: paa la kulala chali ukitazama nyota, ukumbi na choo usawa wa maji, halafu ngazi ya kushuka kwenye kitanda kilichozungukwa na madirisha, mita 4 chini. Kimetiwa nanga mita 250 hivi kutoka ufukweni, juu ya shimo la matumbawe. Usiku taa za nje zikiwashwa, ngisi na samaki wadogo huja kutazama. Chakula huletwa kwa ngalawa au mtumbwi, na aliyekileta akishaondoka, chumba kizima na bahari iliyokizunguka ni vya watu wawili. Kwa maoni yangu hiki kinaipita The Muraka. Pale Maldives umenunua hoteli ndogo chini ya maji. Pemba umepewa bahari na kitanda, basi.

Wakongwe wa kazi hii lakini ni Wamarekani. Jules' Undersea Lodge, Key Largo, Florida, ilianza kupokea wageni mwaka 1986. Hapo awali ilikuwa maabara ya utafiti wa bahari karibu na Puerto Rico. Mgeni huvaa mtungi wa hewa, huzamia, na kuingia kupitia tundu la sakafuni. Hakuna njia nyingine. Humo humo ndimo profesa Joseph Dituri alimokaa siku 100 mwaka 2023 na kuweka rekodi ya dunia ya kuishi chini ya maji bila kupunguziwa shinikizo la hewa. Rekodi haikudumu. Januari 2025 mhandisi Mjerumani, Rüdiger Koch, alitoka kwenye kapsuli yake mita 11 chini ya bahari ya Panama baada ya siku 120. Alikuwa na kitanda, choo, televisheni na baiskeli ya mazoezi.

Peke yake kuliko zote, Afrika Mashariki

Karibu na Mafia kuna kisiwa cha Shungimbili, kiduchu, hekta 8 hivi, kilichomo ndani ya hifadhi ya bahari. Mwaka 2016 palifunguliwa pale Thanda Island, vila moja ya vyumba vitano iliyojengwa na familia ya Kiswidi. Hapauzwi chumba. Unachukua kisiwa chote au ubaki Dar. Ilipoanza ilitangazwa kuanzia dola 10,000 kwa usiku, na ndani ya bei walikuwamo mpishi, nahodha na wapiga mbizi. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja maji ya Mafia kula, na mpangaji anaweza kuogelea naye kabla ya chai.

Ukienda Unguja kaskazini, wenye mashua watakuonyesha kisiwa cha Mnemba na kukwambia kwa uhakika kwamba ni cha Bill Gates. Si chake. Ni hoteli ndogo ya kampuni inayokodi kisiwa. Lakini uvumi huo umeishi muda mrefu kuliko hoteli nyingi za pale ufukweni, na naamini umewaletea manahodha wateja wengi kuliko tangazo lolote.

Iliyozaa kuliko zote

Hapa sina mshindani wa kuweka mbele ya Villa Diodati. Kiangazi cha 1816, mshairi Lord Byron alikimbia kashfa za London na kufika Geneva mwishoni mwa Mei. Akashukia hotelini, Hôtel d'Angleterre kule Sécheron, na kwenye daftari la wageni, pale pa umri, akaandika 100. Mzaha huo haukumsaidia kujificha. Hoteli ilijaa Waingereza, na kila Mwingereza alitaka kumwona mtu aliyesemwa kuwa mwovu na mzuri. Hotelini humo alikuwa ametangulia Percy Shelley, pamoja na Mary Godwin, msichana wa miaka 18 ambaye angekuja kuwa mke wake, na Claire, dada wa kambo wa Mary, aliyekuwa na siri yake kubwa na Byron.

Tarehe 10 Juni Byron akahamia Diodati, vila iliyo juu ya ziwa kwenye kijiji cha Cologny, na kina Shelley wakachukua nyumba ndogo ya jirani, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Inasimuliwa kwamba mwenye hoteli hakukubali hasara: aliwawekea wageni wake darubini ng'ambo ya ziwa, wamchungulie mpangaji aliyempoteza. Mashuka yaliyoanikwa barazani yakahesabiwa kuwa nguo za wanawake.

Hali ya hewa ikafanya kazi iliyobaki. Aprili 1815 mlima Tambora, kwenye kisiwa cha Sumbawa huko Indonesia, ulikuwa umelipuka kwa nguvu isiyo na mfano katika historia iliyoandikwa, na majivu na gesi yake yakazuia jua hata Ulaya. Mwaka 1816 haukuwa na kiangazi. Mvua, baridi, radi, na ndani ya vila watu watano vijana wasio na pa kwenda. Walisoma hadithi za mizimu za Kijerumani kwa tafsiri ya Kifaransa, kisha Byron akapendekeza kila mmoja atunge ya kwake. Yeye na Shelley, washairi wakubwa, waliacha njiani. Mary akaanza Frankenstein, iliyochapwa Januari 1818. Daktari wa Byron, John Polidori, kijana wa miaka 20 aliyedharauliwa na kundi zima, alichukua kipande alichokitupa bosi wake, akakifanya The Vampyre, hadithi iliyochapwa 1819 na kumzaa mnyonya damu wa kitajiri tunayemwona mpaka leo kwenye filamu.

Je, wangeandika wangebaki hotelini? Sidhani. Hotelini kuna chakula cha pamoja, salamu za lazima, na saa ya kuzima taa. Kilichozaa vitabu hivyo ni uchovu wa watu wachache waliofungiwa pamoja, mlango ukiwa wao, bila mhudumu wa kuuliza kama kila kitu ki sawa.

Nafasi ya pili ni ya Villa Nellcôte, Villefranche-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1971 bendi ya The Rolling Stones iliwakimbia watoza kodi wa Uingereza. Mpiga gitaa wao, Keith Richards, akapanga jumba hilo, lori la kurekodia likaegeshwa uani, na kwenye vyumba vya chini ya ardhi, katika joto lililolegeza nyuzi za magitaa, ikapatikana sehemu kubwa ya albamu ya Exile on Main St. ya 1972. Oktoba wezi waliingia na kuondoka na magitaa kadhaa. Kukosa askari mlangoni ni kasoro ya vila tangu zamani.

Iliyomgharimu mgeni wake kuliko zote

Si kwa bei. Mgeni huyu hakulipa hata karibu na dola 50,000.

Ian Fleming alijenga Goldeneye mwaka 1946, kwenye mwamba juu ya bahari pale Oracabessa, kaskazini mwa Jamaika. Ilikuwa nyumba kavu: madirisha makubwa yasiyo na vioo, sakafu ya zege, vitanda vigumu. Humo ndimo alimoandika kitabu cha kwanza cha James Bond mwanzoni mwa 1952, na vilivyofuata vyote akaja kuviandikia pale kila mwanzo wa mwaka. Aliporudi London alipenda kuipangisha. Mwandishi wa tamthilia Noël Coward aliikodi 1948, akalalamika kila kukicha juu ya vitanda na chakula, kisha akanunua kiwanja si mbali na hapo. Hiyo ndiyo tathmini ya mpangaji ninayoiamini: anayelaani godoro halafu akahamia pwani hiyohiyo.

Novemba 1956 alikuja mgeni wa namna nyingine. Anthony Eden, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa ameingia na Ufaransa na Israeli katika vita ya Mfereji wa Suez, na Marekani ikamlazimisha kusimama tarehe 6 Novemba. Alikuwa mgonjwa hasa, madaktari wakamwamuru apumzike. Mke wake alikuwa rafiki wa mke wa Fleming, na kwa hiyo tarehe 23 Novemba waziri mkuu akapanda ndege kwenda Goldeneye. Majeshi yake yalikuwa bado Misri. Nyumbani serikali ilikuwa imetangaza mgao wa petroli, na magazeti yakawa na picha ya kiongozi chini ya minazi.

Angekwenda hoteli ya kawaida pwani ya Uingereza pengine angesamehewa. Ugonjwa ni ugonjwa. Nyumba ya faragha ng'ambo ya Atlantiki, mali ya mtunzi wa riwaya za majasusi, ilisomeka kama kutoroka. Alirudi tarehe 14 Desemba na kukuta chama chake kimeshaanza kuzoea maisha bila yeye. Januari 9, 1957 akajiuzulu. Fleming kwa upande wake alipata tangazo la bure: watu wasiokuwa wamewahi kusikia habari za Bond walijua sasa nyumba alikozaliwa.

Goldeneye ilipita baadaye kwa Bob Marley aliyeinunua 1976, kisha kwa Chris Blackwell, mtayarishaji aliyeupeleka muziki wa Marley duniani. Leo ni hoteli, na nyumba ya Fleming hukodishwa kama vila ndani yake. Vitanda vimebadilishwa.

Ya kale kuliko zote

Kwa umri hoteli zinashinda bila ubishi. Nishiyama Onsen Keiunkan, katika mkoa wa Yamanashi nchini Japani, imepokea wageni tangu mwaka 705, ikirithiwa vizazi 52, na Guinness waliitambua mwaka 2011. Vila za kukodi haziwezi kuifikia. Iliyo bora ninayoijua ni Villa Saraceno, kijijini nje ya Vicenza, kaskazini mwa Italia, iliyojengwa miaka ya 1540 na Andrea Palladio, mbunifu aliyeigwa na nusu ya majumba meupe ya duniani. Ni mojawapo ya vila zake zilizo kwenye orodha ya UNESCO. Inamilikiwa na Landmark Trust, taasisi ya hisani ya Kiingereza iliyoanzishwa 1965, na kundi la watu 16 linaweza kuikodi na kupika lenyewe. Palladio hakuijengea watalii. Ilikuwa nyumba ya shamba, na ghorofa yake ya juu ilikuwa ghala la nafaka. Taasisi hiyohiyo inapangisha huko Uskoti kibanda cha karne ya 18 chenye paa la mawe lililochongwa kwa umbo la nanasi, kimo cha jengo la ghorofa nne. Ya nini nanasi, Uskoti? Mwenye shamba alitaka.

Kwetu, umri unatafutwa Lamu, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana dunia imechelewa kuona kilichoko pale. Nyumba za mawe za Lamu na za kijiji cha Shela, nyingi zikiwa na asili ya karne ya 18 na 19, hukodishwa leo nzima-nzima: unapewa nyumba, mpishi, mtu wa kufagia na mtu wa kubeba. Unashuka ndege Manda, unavuka kwa boti, mizigo inapanda punda. Mpishi anakuuliza asubuhi unataka kula nini, anakwenda sokoni, na jioni kuna kaa, wali wa nazi na maji ya ukwaju kwenye paa la makuti ambako upepo wa kusi haukatiki.

Mpango wa nyumba yenyewe ndio hoja yangu. Mgeni asiyejulikana aliishia dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni. Akikaribishwa ndani, njia ilipinda, asiweze kuona kiwanja cha ndani kutoka mlangoni. Kisha misana miwili, yaani kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, halafu ndani, chumba cha mwenye nyumba, chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka, za lipu iliyochongwa. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kupita urefu wake. Kila hatua ya kuingia ndani ni daraja moja zaidi la kuaminiwa. Msanifu wa Dubai anayeuza faragha kwa dola 100,000 anauza kitu ambacho fundi wa Lamu alikijenga kwa matumbawe na chokaa, na kukigawa kwa ngazi, tena akamwachia mpita njia mahali pa kukaa. Hoteli ina mapokezi tu. UNESCO iliuweka mji wa Lamu kwenye orodha yake mwaka 2001, na tangu hapo nyumba nyingi za Shela zimenunuliwa na Wazungu. Zilizotunzwa vizuri ni nzuri mno. Watoto wa Shela wanaotaka kujenga wataeleza upande wa pili wa bei ya kiwanja.

Ndogo kuliko zote

Amberg, Bavaria, kuna nyumba ya upana wa mita 2.5 iliyozibwa kati ya majengo mawili, jumla mita za mraba 53. Ni ya 1728. Sheria ya mji ilidai kijana awe na nyumba ndipo aoe. Basi maskini walinunua kijumba hicho, wakafunga ndoa, wakawauzia wachumba waliofuata. Sasa ni hoteli inayopokea wageni wawili tu, kwa hiyo mimi naihesabu kuwa vila. Na nyumba iliyowahi kutajwa na Airbnb kuwa maarufu kuliko zote kwenye mtandao wake haikuwa jumba: ni kibanda cha kuba msituni, Aptos, California, chenye mita za mraba kama tisa.

Iliyoletwa na roketi

Vila za Waitaliano za Malindi na Watamu zina mizizi ya ajabu kuliko zote kwenye pwani yetu. Katika miaka ya 1960 Profesa Mwitaliano Luigi Broglio alitafuta mahali karibu na ikweta pa kurushia satelaiti, akapata ghuba ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mitambo ya kurushia roketi iitwayo San Marco ikasimamishwa baharini, na kuanzia 1967 satelaiti zikarushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina Uhuru. Wahandisi walihitaji mahali pa kulala na pa kula tambi. Ndugu zao wakaja kuwatembelea, wakanunua viwanja, wakaezeka makuti. Satelaiti ya mwisho ilirushwa 1988. Pizza ilibaki, na vijana wa Malindi wanaopangishia wageni nyumba hizo huongea Kiitaliano cha kupatania bei.

Sheria kali kuliko zote

Oktoba 2007 vijana wawili wa San Francisco walioshindwa kodi ya nyumba walipangisha magodoro ya upepo sebuleni kwa dola 80 kwa usiku, wakati wa mkutano uliojaza hoteli za mji. Wageni walikuwa watatu. Mwaka uliofuata kampuni waliyoianzisha ikawa haina fedha, wakauza maboksi ya nafaka yenye picha za Obama na McCain kwa dola 40 boksi na kupata kama dola 30,000. Desemba 2020, katikati ya korona, Airbnb iliingia soko la hisa na siku hiyohiyo ikathaminiwa kuliko Marriott na Hilton kwa pamoja. Kampuni isiyokuwa na kitanda chake hata kimoja.

Miji ikashtuka. New York tangu Septemba 2023 hairuhusu kupangisha nyumba nzima kwa chini ya siku 30; mwenyeji lazima awepo humo, na wageni wasizidi wawili. Barcelona imekwenda mbali zaidi: Juni 2024 meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni zote 10,101 za nyumba za watalii hazitahuishwa zikifika Novemba 2028. Zote. Naona wana haki. Kinachouzwa kwa mgeni kuwa faragha kilikuwa nyumba ya mtu, na nafasi ya jirani asiyekuwepo ilikuwa na jirani.

Nafuu kuliko zote

Rekodi hii haishikwi na tajiri. Inashikwa na familia ya Nairobi inayoteremka Diani au Kikambala Desemba, watu 14, treni ya SGR ikiwa imejaa, baada ya kukodi nyumba ya vyumba vitano.

Chukua hesabu ya mfano. Nyumba ni shilingi 40,000 kwa usiku. Kwa watu 14 ni chini ya 2,900 kila kichwa. Mpishi unamlipa kando. Samaki wanaletwa getini na mvuvi asubuhi, ukijua kupatana; nazi ziko juu ya mnazi. Hotelini familia hiyo ingehitaji vyumba saba, na bibi angeulizwa kama anataka supu ya malenge. Bei ya vila inashuka kwa kila anayeongezeka. Ya hoteli inapanda.

Lakini uliza kabla ya kutuma arubuni kwa simu. Picha mtandaoni hazina harufu wala kelele. Mwombe mtunza nyumba akupigie simu ya video akiwa uani, sasa hivi, si kesho. Matapeli wengi huishia hapo. Uliza maji: ni ya bomba, ya kisima chenye chumvi, au ya bauza? Uliza tokeni za umeme zinalipwa na nani, maana viyoyozi vitano usiku kucha si mchezo. Uliza kama jenereta ipo, na kama ina mafuta. Uliza kama mpishi anajua mahamri au chipsi tu. Uliza umbali hadi baharini kwa miguu, usikubali "karibu".

Kisha kuna rekodi ambayo Guinness hawajaiandika: watu wanaozaliwa baada ya nyumba kulipiwa. Unaweka watu 10, binamu anasikia, shangazi anasema yeye atalala popote, shemeji analeta rafiki wa kazini, na jioni ya Krismasi mko 17, wanne kwenye mikeka ya baraza na mmoja kwenye gari kwa hiari yake. Waliolipa ni watatu. Mtunza nyumba haongei. Anahesabu viatu mlangoni, na asubuhi anakuja na kitabu cha risiti.